Kamba ya Dohani

"Sasa nipande au nisipande?" Lugano aliuliza tena, ngazi begani, mguu mmoja barazani na mwingine nje kwenye manyunyu.

"Kunywa chai kwanza," Jenifer alisema.

"Shemeji, chai nimeshakunywa. Ndizi nimekula. Ukiniongeza kitu kingine bati lako litabonyea, halafu Ackson aseme fundi kaharibu nyumba."

Jenifer alijilazimisha kutabasamu, akamjazia kikombe hivyo hivyo. Lugano alikuwa fundi wa dohani, yaani mabomba ya moshi ya nyumba, kutoka Makandana, kijana mwenye maneno mengi na brashi ndefu ya waya. Ackson ndiye aliyemwita, kisha yeye mwenyewe akaondoka kwenda zamu yake kiwanda cha chai. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni akifunga kamba za viatu na kumwambia mkewe, bila kumtazama, "Wewe ndiye unayeshinda humu ndani. Ukitaka isafishwe, asafishe. Ukitaka izibwe kwa tofali, azibe, tutajenga jiko nje. Ila mtoto hawezi kuendelea hivi."

Mtoto alikuwa kitandani chumba cha pili, akikohoa kile kikohozi kikavu ambacho mama hukisikia mpaka tumboni. Alinanuswe, wa miaka miwili. Alikuwa ametoka kulazwa, na daktari aliuliza swali moja tu: mnapikia wapi? Jenifer alijibu kwamba wanapikia mkaa, ndani, milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya baridi. Daktari akauliza kama nyumba haina pa kutolea hewa. Na kumbe nyumba yake ilikuwa na dohani ya tofali za kuchoma, ndefu na iliyonyooka, ambayo watu wa kijiji chote cha Masoko waliionea wivu.

Tangu mvua za mwaka jana, meko ya dohani hiyo hayakuwashwa. Jenifer alikuwa ameyafunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na juu yake akaweka chungu cha maua ya plastiki. Mgeni angedhani ni urembo.

Nyumba ile ilijengwa na baba mkwe wake, mzee Ndimyake, fundi mwashi aliyewajengea mabwana wa mashamba ya chai nyumba zao na akarudi na ujuzi wa dohani kichwani. Alimjengea mwanawe. Ackson alipooa, mzee hakukanyaga tena ndani ya nyumba ile. Ndiyo mila: mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawaketi chumba kimoja. Siku hizi wengi wameacha, na wengine hupiga picha pamoja na wakwe zao wakiwa wameshikana mabega. Mzee Ndimyake hakuacha. Akipita njia ya migombani alikohoa kwa nguvu ili Jenifer apate nafasi ya kujificha, na Jenifer alijifunika kanga na kugeukia mgomba kama vile ana shughuli nao. Aliyajua makanyagio yake na kikohozi chake. Uso hakuujua.

Lakini kusafisha dohani kunataka watu wawili. Wa juu huteremsha kamba, katikati yake amefunga mzigo wa majani makavu ya mgomba, na wa chini huishika ncha yake. Huyu anavuta, yule anavuta, mzigo unapanda na kushuka ukikwangua masizi. Mama mkwe, Atupakisye, magoti yalikuwa yamemkatalia kuinama. Ackson alikuwa na zamu. Basi ikawa mzee juu ya bati na mkamwana mekoni, kila mmoja mahali ambapo mwenzake hamwoni, na mila haikuvunjwa hata chembe.

Hawakusema neno. Walitikisa kamba. Mara moja maana yake vuta. Mara mbili, ngoja nipumzike. Mara tatu, nimemaliza, achia. Nani aliyezianzisha alama hizo hata Jenifer hakukumbuka. Alipokuwa mjamzito, siku moja kamba ilirudi chini baada ya kazi kwisha, na kwenye ncha yake limefungwa parachichi ndani ya jani, jeusi kwa masizi upande mmoja. Alicheka peke yake mle mekoni mpaka machozi yakamtoka. Safari iliyofuata alifunga karanga za kukaanga kwenye karatasi, akatikisa kamba, zikapanda. Kisha kutoka juu kabisa, ikishuka kupitia tofali, sauti ya mzee anayetafuna na kuguna kwa raha.

Jenifer alikuwa yatima. Baba wa kumzaa hakumkumbuka. Sasa alikuwa na baba, ndani ya kamba.

Siku ile ya mwisho, mwaka jana, mvua ilikuwa imekatika kidogo. Mzigo ulikuwa katikati ya dohani. Kamba ilitikisika mara moja, Jenifer akavuta. Halafu ikatetemeka, mtetemo ambao hakuujua, ikatulia. Alidhani mzee anapumzika. Akangoja. Akatikisa, hakuna jibu, ila kamba ilikuwa imekaza, mtu bado ameishika. Akangoja tena. Angeweza kutoka nje na kuangalia juu. Angeweza kuita. Lakini angemwitaje? Jina lake hakuwahi kulitamka, na mkamwana hamchungulii baba mkwe aliyepanda juu ya bati, nguo zake zikipeperuka. Alikaa palepale, kamba mkononi, mpaka mama mkwe aliporudi kutoka sokoni na kupiga yowe uani. Mzee alikufa wakiwa njiani kumpeleka hospitali.

Na msibani wakamsifu! Hicho ndicho kilichomla Jenifer. "Mkamwana mwenye adabu," wanawake walisema wakimenya ndizi za matanga. "Hata siku ile hakutoka kuchungulia." Walimshika mkono mama mkwe kumpa pole, walimshika Ackson, waliwashika mashemeji na wajomba wa mbali. Jenifer hakuna aliyemshika mkono, kwani alikuwa na nini na yule mzee? Hawakuwahi hata kusalimiana. Alipika, aliosha masufuria, aligawa maji. Uso wa mzee aliuona vizuri mara ya kwanza kwenye picha iliyobebwa mbele ya jeneza. Alikuwa na mwanya, kama Alinanuswe.

"Shemeji!" Lugano aliita kutoka ndani. Uvumilivu ulikuwa umemwishia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya meko na kunyanyua pembe ya kitambaa. "Humu kuna kamba ya manila inaning'inia. Na juu kuna kitu kimeziba. Niikate?"

"Usikate!"

Jenifer alipiga kelele kiasi cha kumwamsha mtoto, na mtoto akaanza kulia, kilio kikakatika kwa kikohozi, kikohozi kikamaliza pumzi. Jenifer alimkimbilia, akamwinua, akamgongagonga mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Kisha pumzi ikarudi, kwa mluzi. Jenifer alitoka naye barazani kwenye hewa ya baridi.

Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka migombani, polepole kwa sababu ya magoti, jani la mgomba kichwani kuzuia manyunyu. Kelele alikuwa amezisikia. Alimpokea mtoto bila kuomba, akamfunika kwa kanga yake.

"Ugonile, fundi," alimsalimu Lugano. "Tupishe kidogo, baba."

Lugano alipita kando yao, akaenda uani na kikombe chake.

"Mama," Jenifer alisema, "siwezi. Akiivuta, itakuwa imeisha."

"Imeisha, mwanangu. Iliisha mwaka jana."

"Hakutikisa mara tatu." Alisema hivyo kisha akaona haya, maana hakuwahi kumweleza mtu alama zile.

Atupakisye alimpakata mtoto vizuri. "Unadhani sijui mambo yenu? Alikuwa akishuka kutoka juu huko anacheka kama mtoto. 'Leo nimeongea na mkwe.' Namuuliza, mmeongea nini, ninyi watu msioonana? Ananiambia, 'Mengi.' Parachichi lile alilichagua asubuhi nzima, mwe! Kila moja analiminya, anasema hili bado, hili limelainika mno."

Jenifer alikaa chini kwenye sakafu ya baraza.

"Nilikaa tu, Mama. Nimeshika kamba, nimekaa."

"Najua ulikaa. Nami ningekaa." Mama mkwe alisogea karibu naye. "Vijana walipopanda kumtoa, walimkuta ameegemea dohani, kamba ameizungushia mkononi. Walimfungua kidole kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyesema ifungwe pale juu, isikatwe. Sikujua kama ningemnyima hewa mjukuu wangu." Alimpangusa mtoto pua kwa ncha ya kanga. "Mzee asingetaka hivyo. Jina la mtoto huyu alilitoa yeye."

Mvua ilizidi kidogo kwenye bati, ikapungua. Jenifer aliingia ndani, mama mkwe akamfuata na kwenda na mtoto chumba cha pili. Aliondoa chungu cha maua. Alikikunja kitambaa, akakiweka juu ya kiti, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Panda," alimwambia Lugano. "Brashi iache kwanza. Fungua kamba pale juu, uvute. Mimi nitakuwa chini."

Alisikia ngazi ikigota ukutani, kisha makanyagio juu ya bati, mepesi mno, ya kijana. Aliinama mekoni na kuishika ile ncha. Ilikuwa baridi na ngumu. Walivuta kwa zamu, huyu na yule, lakini mzigo haukutaka kusogea. Majani yalikuwa yamevimba kwa maji ya mwaka mzima na kugandamana na masizi. Lugano alitukana kidogo huko juu, akaomba radhi. Wakavuta tena. Kitu kikaachia kwa mshindo mdogo, na masizi yakamwagika juu ya kichwa cha Jenifer, mabegani, mdomoni, mpaka hakuona kitu.

"Mzigo umetoka!" Lugano alishangilia. "Unapanda! Haya shemeji, achia huko chini!"

Jenifer hakuachia. Kamba ilikaza mikononi mwake, mtu yuko upande wa pili, anangoja. Aliuma mdomo. Akaitikisa mara moja, mara mbili, mara tatu.

Lugano aliacha kuvuta.

"Shemeji? Imenasa?"

"Haijanasa," alisema Jenifer. "Vuta tu, baba."

Akafungua vidole. Ncha ya kamba ilipanda mbele ya macho yake, ikigusa tofali huku na huku, ikawa nyembamba, ikapotea. Huko juu kabisa kulibaki kipande cha anga, cheupe, ukubwa wa kiganja. Hewa ilipita karibu na uso wake ikielekea juu. Tone la mvua lilishuka njia nzima mpaka kwenye majivu, na chumba cha pili, mgongoni mwa bibi yake, mtoto alikohoa.