Kabla Fundi Hajajifungia

...ameanzia upande wa dirishani, anatuuliza mmoja mmoja kuzunguka meza, maana yake zamu yangu itakuwa ya mwisho, na wa mwisho huwa haulizwi, hutazamwa tu aitikie kwa kichwa watu watoke, swali lenyewe mkurugenzi wa vipindi amelitoa huku akichezea simu, tuikate Ile ya Kabla leo, ikiwa imefika nusu, tuweke shindano la kuimba, au tuivumilie mpaka mwisho... tuivumilie, ati, kama mgeni aliyekaa sana... Ile ya Kabla ndivyo tunavyoiita sisi watia sauti, tunaowasemea waigizaji wa kigeni kwa Kiswahili, maana inaeleza yaliyotangulia ile tamthilia kubwa ya chombo kilichopotea angani, ile iliyopendwa na kila mtu, na mle ndani mimi nilikuwa sauti ya fundi mkuu, sentensi moja tu, kipindi cha pili, tangi linavuja, anajifungia nalo chumbani ili wenzake wapone, anasema fungeni, msinisubiri, basi, amekufa, nikavua vidude vya masikioni nikaenda zangu sokoni. Halafu inakuja hii, inaturudisha nyuma, chombo bado ni mabati matupu, na fundi wangu yupo, msichana mchomelea vyuma, mdomo haufungi, ana wivu, anaiba sukari ya wenzake, na mimi kila wiki nasimama mbele ya maikrofoni nampa maneno, tele, mpaka koo linakauka... nani anazungumza sasa, mpangaji wa ratiba, anasema watazamaji wamechanganyikiwa, anayasema makavu makavu bila hata kumeza mate, na aliyewachanganya ni nani kama si yeye, aliyeiona namba kwenye faili akadhani ni msimu unaofuata, akairusha saa ile ile, siku moja baada ya tamthilia kubwa kuisha, bila hata mstari mmoja wa maelezo kwenye skrini, simu zikamiminika, huyu si alikufa, huyu si tulimlilia, bibi mmoja akauliza kama kituo chetu kimeanza kuonyesha mizuka, tukacheka mpaka mbavu zikauma, yeye hakucheka, na tangu siku hiyo kosa ni la tamthilia, si lake.

Sasa ni Besi, sauti ya nahodha, mwenzangu wa studio, yule anayeweza kutikisa vioo kwa salamu tu, huyu atanitetea, huyu aliniambia juzi kwamba hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote alizotia sauti... anasema inapwaya, hanitazami, anasema mijusi... haya, mijusi, sikatai, wale mijusi wavamizi ni watu waliovaa mpira, mmoja zipu yake inaonekana mgongoni, nahodha na kaka yake wananuniana vipindi vitatu na mpaka leo hakuna ajuaye kwa nini, wimbo wa mwanzo unatia usingizi, kuna kipindi kizima ni mvuke na watu wanakohoa, nayajua yote haya kuliko wao, mimi ndiye niliyekohoa, lakini kuna kile cha dirisha, Besi, umekisahau, hakuna vita, hakuna mjusi, watu wawili tu katika jiko lisilokamilika wanabishana dirisha likae wapi, nahodha anasema chombo hakihitaji dirisha jikoni, fundi anasema mtu anayeosha vyombo lazima awe na pa kutazama, na sisi tulioiona tamthilia kubwa tunalijua dirisha lile, ndipo abiria walipokuwa wakisimama kulia, na yeye hajui, anapima kwa mikono, anajidai, halafu anaipa kamera kisogo, na mwigizaji akigeuka hivyo sisi watia sauti tunakuwa huru, hakuna midomo ya kufuatisha, nikacheka, kicheko hakikuwa kwenye karatasi, kilitoka chenyewe, kirefu, cha kijinga, fundi mitambo wa studio akainua kidole gumba nyuma ya kioo, kikabaki... nilikijua kicheko kile, nilikuwa nacho tulipokuwa tunapaka rangi jiko letu, mimi na yule bwana, rangi imemwingia sikioni, ngazi inayumba, nikacheka hivyo hivyo, sasa ameoa kwingine, sawa, na Jumamosi dada yangu mkubwa alikuja kunisaidia kuhama, akazikuta picha za harusi, akasema hizi nazo za nini, si unajua zilikoishia, miaka ya bure hiyo, akazitia kwenye mfuko wake, ati atanitunzia mpaka nipate akili, na mimi nikakunja mashuka, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi... bure kwa nini, dada, nilicheka au sikucheka, mwisho ukiwa mbaya ndiyo unarudi nyuma kufuta kila kitu mpaka rangi ya ukutani, hapana, nilipendwa katika jiko lile, ni kweli, hainiumizi kusema, au inaniumiza lakini nasema, zile picha ni zangu, leo hii nazifuata, na akili ninazo.

Mkurugenzi amekwisha kuinuka nusu, anatia simu mfukoni, anasema, "Na wewe mdogo wangu, tuko pamoja, sivyo?" na hilo siyo swali, mpangaji naye ameshafunga faili, aliyebisha mara ya mwisho alisahauliwa kwenye kazi zote zilizofuata, nalijua, na najua pia tukiikata leo fundi wangu atabaki yule wa sentensi moja, wa kufa tu, kana kwamba alizaliwa ndani ya chumba cha tangi... "Hatuko pamoja, bosi," nasema, na Besi ananitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie, "kwamba anakufa, kila mtu ameshaona. Waacheni basi wamwone akiishi." Hakuna anayekaa, hakuna anayetoka, mkurugenzi anauliza kama hilo tu ndilo nililokuwa nalo, namwambia hapana, bado, na ninaanza na mijusi, zipu na yote, ili nifike kwenye dirisha.