Mashine ya Kukaushia Buti

Mguu ukilowa siku kumi mfululizo huacha kuwa mguu wa mtu. Hugeuka mweupe, ukakunjamana, ngozi ikabambuka kama ganda la kitunguu, na harufu yake humfanya hata mwenye mguu ageuze uso. Fundi wa viatu aliifahamu harufu hiyo, maana mdogo wake aliileta nyumbani kila aliposhuka mlimani.

Mdogo wake alikuwa mpagazi. Alibeba mahema, majiko na viti vya kukunja vya wageni wanaopanda mlima kwa starehe, watu waliotoka mbali ili waje wachoke. Wapagazi wenzake walimwita Ngongoti kwa urefu wa miguu yake. Nyumbani hakuwa na jina zaidi ya “mdogo wangu”. Mama yao alipofariki, Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa na mdogo wake mitano, na tangu hapo dada ndiye mama. Wachumba walikuja wawili watatu, wakamkuta na mtoto pajani, wakauliza maswali mengi, wakaaga vizuri.

Safari hii miguu ilikuwa imezidi. Tabibu wa zahanati alivibonyeza vidole kimoja kimoja, akiuliza kama anasikia, na kwa vidole vinne Ngongoti alijibu, “Kidogo.”

“Vikilowa tena huko kwenye barafu, vitakufa,” alisema tabibu. “Na kidole kikifa, hakuna dawa. Tafuta kazi nyingine.”

“Kazi nyingine naijulia wapi, daktari? Mimi nina mabega na miguu tu.”

“Miguu unayo kwa muda.”

Ngongoti alicheka. Dada yake hakucheka. Safari iliyofuata ilikuwa baada ya siku tisa, na alimjua mdogo wake: angekwenda hata kwa kutambaa. Basi akapiga moyo konde. Kama hawezi kumzuia mtu, ataizuia mvua isikae ndani ya buti.

Kule juu kila mpagazi alikuwa na njia yake ya kukausha buti, na zote zilikuwa za kijinga. Wengine walijaza magazeti, yakalowa. Wengine walilala nazo kifuani, wakaamka na kifua. Wengi waliziweka kando ya jiko la mpishi, na hilo ndilo lililomuudhi Fundi, kwa sababu ngozi iliyolowa ukiiweka karibu na moto husinyaa, hukakamaa, na baada ya hapo hata uipake mafuta ya pipa zima haisikii. Buti haitaki moto. Buti inataka hewa ya uvuguvugu iingie hadi kwenye vidole, itoke na unyevu wake.

Alianza na kopo kubwa la maziwa ya unga. Kwa jirani yake, fundi wa simu, alipata feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta iliyokufa. Waya aliukata kwenye chaja ya zamani, akauunga kwenye pawabenki ya Ngongoti, na feni ikaanza kuzunguka polepole kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Aliifunga kwenye tundu upande mmoja wa kopo. Upande wa pili alitoboa matundu mawili, akachomeka vipande viwili vya bomba la plastiki, kila kimoja cha kuingia kwenye buti yake. Bomba la kwanza liliyeyuka kwa joto la kopo. Akafua kola mbili za bati, pete za kuzuia joto, akaziweka kati ya kopo na bomba, na hapo plastiki ikatulia. Joto lingetoka kwa mawe: matatu, ukubwa wa yai, yapashwe kwenye jiko la mpishi kisha yatiwe ndani ya kopo. Feni ingesukuma hewa juu ya mawe, hewa ingepata uvuguvugu, na uvuguvugu ungefika vidoleni.

Hayo yote yalikula alasiri nane. Wateja walipita na viatu vyao, wakamkuta na waya mdomoni.

“Fundi, siku hizi umekuwa fundi redio?” aliuliza mlinzi wa benki, aliyekuwa ameleta buti zake kuwekewa kamba mpya.

“Njoo kesho,” akamjibu, bila kumtazama.

Mlinzi alipogeuka, buti zake zikatumbukizwa kwenye ndoo ya maji. Zilikaa humo usiku kucha, kwa sababu majaribio ni majaribio. Asubuhi Fundi alizimwaga maji, akapasha mawe, akaziweka kwenye mashine, na baada ya saa moja na nusu alitia mkono ndani hadi kwenye ncha. Pakavu. Alikaa na mkono umo humo ndani ya buti ya mtu, akilia kidogo. Mlinzi alipokuja alizivaa, akasimama, akamwangalia kwa wasiwasi.

“Mbona zina joto? Umezivaa?”

“Miguu yangu na hiyo wapi na wapi, baba? Nenda kazini.”

Kilichobaki ni buti za Ngongoti mwenyewe. Soli zake zilikuwa zimelika, na Fundi alishaweka mpya, za meno makubwa. Kwake soli ilikuwa kazi ya hatua mbili: gundi kwanza, kisha uzi wa nta kuzunguka kiatu kizima kwa sindano nene. Gundi alipaka. Kushona buti mbili ni kazi ya alasiri nzima, na alasiri zilikuwa zimekwenda kwenye mashine. Mganga hajigangi. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni akizipinda mkononi.

“Sijashona.”

“Gundi yako inashika mpaka siku ya kiama,” alisema Ngongoti. “Utanishonea nikirudi. Gari linanisubiri.”

“Mawe yasiwe ya mtoni, ya mtoni hupasuka. Yatemee mate kwanza. Mate yakichemka, ngoja yapoe. Unanisikia?”

“Dada, nimebeba mizigo ya watu miaka tisa. Leo nabeba mzigo wa kukausha viatu vya kubebea mizigo. Hata mimi nimekuwa mgeni.”

Alipokwisha kuondoka, Fundi alifagia vipande vya waya, akaketi, akajisikia mwepesi. Kwa siku tatu alijisikia hivyo. Hata mvua iliponyesha aliisikiliza kwa dharau.

Siku ya nne mwalimu mmoja alileta kiatu chenye soli iliyopasuka, akasema atasubiri. Fundi alikishika kiatu juu ya jiko lake dogo la mkaa, kama alivyofanya kila siku kwa miaka ishirini na zaidi, kwa sababu hakuna njia nyingine ya haraka ya kufungua soli. Unaipa joto la taratibu. Gundi inalainika. Unatia ncha ya kisu, unavuta, inakuja. Alitia ncha ya kisu, akavuta, ikaja.

Mwalimu alimwona fundi ameduwaa, soli mkono huu, kiatu mkono ule.

“Vipi, haifai?”

Fundi aliigeuza soli, akaitazama gundi. Ngozi aliifikiria, akailinda na moto. Bomba alilifikiria, akalifulia kola za bati. Buti za mlinzi zilishonwa kiwandani, zingekaa kwenye joto mwaka mzima. Za mdogo wake zilishikwa na gundi tupu, na yeye, ambaye kazi yake yote duniani iko chini ya kiatu, siku tisa nzima alikuwa akitazama ndani ya kiatu. Alimtengenezea mdogo wake chombo cha kufungulia soli, akamtilia kwenye begi, akamwambia akitumie kila siku.

Alipiga simu. Haikupatikana. Alijua haitapatikana, huko juu simu ni ya kutazamia saa tu, lakini alipiga mara thelathini. Kisha akamwacha mwalimu na kiatu kimoja mguuni, akaenda ofisi ya kampuni ya misafara akiwa bado na aproni.

“Nataka mumpigie kiongozi wa msafara kwenye redio,” alimwambia karani.

“Kuna dharura gani, mama?”

“Mdogo wangu asitumie mashine. Aizime.”

“Mashine gani?”

“Ya kukaushia buti. Inafungua soli.”

Karani alimwangalia mwenzake, kisha akayaangalia makaratasi yake, na mtu akiangalia makaratasi namna hiyo ujue anazuia kicheko. “Mama, redio ya mlimani ni ya wagonjwa na maiti. Nitaandika ujumbe.” Akaandika. Fundi alisimama akisubiri kalamu ifike mwisho, akatoka nje, na hapo ndipo alipokata tamaa hasa, kwa sababu aliyaona maneno yake yamekaa kwenye karatasi, na kweli yalichekesha.

Siku saba hakushona kitu. Alikaa mezani, mikono mapajani. Wateja walimwambia pole bila kujua ya nini.

Walimshusha Ngongoti kwa machela. Kiongozi wa msafara alieleza kwa ufupi. Soli ya kushoto ilibaki kwenye matope ya kambi ya juu, asubuhi ya kwenda kileleni. Ya kulia ilifuata mchana wake. Waliifunga miguu kwa kamba, kwa magunia, kwa nailoni. Alitembea siku mbili juu ya barafu na changarawe, na mzigo hakuutua, kwa kuwa hakukuwa na wa kumpokea. Wageni walisikitika sana. Walimpiga picha.

Wodini alikuwa amelazwa karibu na dirisha, na miguu yake mirefu imepita mwisho wa kitanda, imefunikwa kwa shuka yake yenyewe. Fundi alivuta kiti. Alikuwa amejitayarisha njia nzima, na alijua akingoja atashindwa.

“Ni mimi,” alisema. “Si mlima. Moto na gundi. Najua tangu nina miaka ishirini kwamba moto unafungua gundi. Nilijua, na nikakupa.”

Ngongoti alitazama dari.

“Mimi pia nilijua, dada.”

“Ulijua nini?”

“Nimekulia chini ya meza yako. Harufu ya gundi ikipata moto naijua kuliko harufu ya chakula. Siku ya tatu nikaisikia.”

“Kwa nini hukuzima?”

“Nilisema nizime. Lakini nilikuwa nimezivaa, bomba limo humo, dakika tano tu nizionje. Zilikuwa kavu. Miaka tisa sijawahi kuvaa buti kavu kule juu. Mawe yalipopoa nikaenda kuchukua mengine. Sikungoja yapoe. Usidhani nilisinzia. Nilikuwa macho.”

Fundi alikuwa ameileta hatia yake yote ili aiweke pale kitandani, apigwe nayo, aondoke. Sasa mdogo wake ameichukua nusu, na haikupungua hata kidogo. Alimshika mkono. Mkono ulikuwa mzima, wa moto, wa mtu mwenye nguvu.

“Niangalizie,” alisema Ngongoti. “Mimi sisikii kitu huko. Daktari amesema hawakati vidole kabla havijakauka. Vikikauka kabisa, ndipo. Kila anayepita namuuliza.”

Fundi alisimama, akaenda mwisho wa kitanda, akainua shuka. Vidole kumi, vyote vyeusi. Alikigusa kidole gumba kwa ncha ya kidole chake, kisha kinachofuata, kisha kinachofuata, akaendelea hadi mwisho. Hakukuwa na unyevu wowote.

“Vipi?” aliuliza Ngongoti. “Vimekauka?”

Alishusha shuka, akaichomeka vizuri pande zote mbili.

“Bado,” akasema. “Bado vibichi.”