Upande wa Kushoto Umekufa

Mimi si mtu wa kuchaguachagua. Samaki nikimpenda namnunua, kanzu ikinitosha naivaa, na mke nilimwoa yule wa kwanza niliyeonyeshwa, na wallahi sijajuta zaidi ya mara mbili tatu. Kwa hiyo asije mtu akakwambia kwamba Harith wa Mkomani alikaa katika duka la Fanuel asubuhi nzima akichagua iafoni kwa sababu ya maringo. Nilikuwa na kazi. Tena nilikuwa na hofu, na hilo sikumwambia mtu.

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za boti. Lakini mimi sikimbilii spana kama hawa mafundi wa siku hizi. Mimi nasikiliza. Unaiwasha mashine, nainamisha kichwa, nakwambia: plagi ya pili imekwisha, au beringi inalia, au mashine yako ni nzima, mbovu ni wewe. Ndiyo maana mji mzima huniita Harith Masikio. Na tangu simu hizi zije, watu wa visiwani hawaniletei mashine tena. Mtu akiwa Kiwayu huiwasha huko huko, hurekodi sauti yake dakika moja, hunitumia kwa WhatsApp. Nami niko barazani kwangu, mkono wa kulia una kikombe cha kahawa, wa kushoto una simu kwenye sikio la kushoto, ndilo sikio langu la kazi, la kulia husikia mngurumo tu, namjibu: "Usitoke nayo." Au: "Nenda na salama." Kwa neno langu hilo mtu hupakia watoto wake na kwenda baharini. Hebu lifikirie jambo hilo.

Basi wiki mbili nyuma, Dawud, anayevusha abiria wa ndege kwenda uwanja wa Manda, alinitumia sauti ya mashine yake. Nikasikiliza, nikaona tulivu, laini, haina neno. Nikamjibu, "Nenda." Akaenda. Mashine ikamfia katikati ya maji, ndani mna abiria wanne na masanduku yao, na ndege ikapaa juu ya vichwa vyao huku wanaitazama. Dawud alikuja kwangu amekasirika, nami nikakasirika kumshinda. Nikamwambia kosa ni lake, ametia petroli chafu. Akaapa kwamba petroli ni ile ile ya siku zote. Nikapandisha sauti mbele za watu, na mimi nikipandisha sauti hata punda hunipisha njiani. Dawud akaondoka bila kuniaga. Na huyo ni mtu tuliyesoma chuo kimoja cha Kurani, tukila viboko vya mwalimu mmoja.

Nilipobaki peke yangu nikaanza kufikiri. Siku hizo kila mashine niliyotumiwa ilikuwa laini. Kila moja! Sasa wewe niambie, wapi duniani pana mashine za boti zote nzima kwa mara moja? Marehemu baba yangu alianza hivyo hivyo. Alikuja kufa hasikii hata adhana. Nikajiambia, la, Harith, si wewe, ni spika ya simu. Dawa yake ni iafoni, zile ndogo za kutia ndani ya sikio, zenye besi nzito na sauti wazi. Besi, kwa sababu beringi huugulia chini kwenye mngurumo. Sauti wazi, kwa sababu plagi hulia juu.

Alhamisi asubuhi ikaingia sauti ya Obeid wa Kiwayu. Kesho yake alikuwa anamleta Lamu bibi harusi pamoja na watu wake ishirini. "Bwana Harith," alisema, "isikilize mashine yangu. Ukisema ni mbovu nitaazima boti ya jirani, lakini yeye anatoka baada ya alasiri. Nijibu kabla ya hapo." Nikaisikiliza. Laini. Tulivu. Haina neno. Nikatia simu mfukoni, nikashika njia ya dukani kwa Fanuel.

Fanuel ni kijana wa bara, ana miaka sita hapa Lamu. Anauza iafoni, chaja na makava, na hutengeneza simu akiwa na taa ndogo kwenye paji la uso na kibanio chembamba mkononi. Nilimkuta anahangaika na simu ya Bi Ruba, naye Bi Ruba mwenyewe amekaa kwenye kiti akisubiri. Nikamwona, nikatamani kurudi. Neno likisikiwa na Bi Ruba halilali Mkomani, hulala Shela, kijiji cha jirani.

"Nataka iafoni," nikasema. "Besi nzito, sauti wazi."

"Mzee wangu, umefika penyewe," Fanuel akasema. Akafungua boksi, akanitilia masikioni, akabonyeza simu yake. Likaja lingoma, dum, dum, dum. "Besi inapiga mpaka kifuani, ama?"

"Kifua changu hakina haja. Mimi nasikiliza mashine." Nikafungua sauti ya Obeid. Nikasikiliza. "Hizi mbovu. Upande wa kushoto umekufa."

Fanuel akazichukua, akajitilia. "Mbona zinafanya?"

"Zinafanya kwako. Kwangu zimekufa. Lete nyingine."

Akaleta nyingine, nyeusi. Upande wa kulia mashine inanguruma vizuri, upande wa kushoto kimya. Akaleta za buluu, nikazisukuma ndani kwa kidole mpaka zikagota. Kushoto kimya. Akaleta zisizo na waya, zinazokaa kwenye kijisanduku chake kama mayai. Kushoto, kimya kabisa! Hapo damu ikanipanda.

"Bwana Fanuel! Umeuziwa katoni nzima ya vitu vya upande mmoja, nawe unatuuzia sisi! Mtu ana masikio mawili!"

"Mzee, nimezijaribu zote mbele yako. Ziko sawa." Akapangusa zile za mwisho kwa kitambaa, akasita, akazipeleka puani. "Na mbona zote zimeanza kunuka maua?"

"Hiyo ni adabu ya kwetu," nikamwambia. "Tunaoga."

Bi Ruba akacheka mpaka bangili zikalia. "Bwana Harith," akasema, "kwa nini usizigeuze? Ya kushoto uitie kulia, tuone."

"Zimeandikwa herufi, Bi Ruba. Hii ya kushoto, hii ya kulia. Mwenye kuziandika alikuwa na akili zake."

Sikutaka kuzigeuza. Acha niseme ukweli wangu, maana sasa yamekwisha: nilijua tangu zile za pili. Mtu hujua. Lakini madhali sijazigeuza, kosa bado ni la katoni.

Fanuel hakuniuliza. Kwa upole, kama anavyomfanyia mtu mzima mwenye adabu zake, akanitoa iafoni zote mbili, akazigeuza, akanirudishia. Ile iliyokuwa imekufa ikaanza kunguruma kulia, nzima, tamu. Na ile nzima ikafa kushoto.

Bi Ruba, badala ya kucheka, akainamisha macho kwenye bangili zake, na hilo ndilo lililonivunja. Nikakaa juu ya katoni. Nilimwona baba yangu. Nikaziona spana zangu zimetundikwa ukutani zinapata kutu, na watu wakipita barazani wakinisemesha kwa mikono. Saa ilikuwa imeshapita adhuhuri, Obeid anangoja huko Kiwayu, na mimi sina la kumwambia. Nilitaka kulia, wallahi. Nikajizuia kwa sababu ya yule mwanamke kwenye kiti.

"Mzee wangu," Fanuel akasema, "hebu geuza kichwa nicheki." Akaiwasha ile taa ya kwenye paji. Akalivuta sikio langu juu, akachungulia muda mrefu. "Kuna kitu huku."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ni cheupe. Ama kilikuwa cheupe. Tulia, usitingishike hata kidogo."

Nikakisikia kile kibanio, baridi, kinaingia. Ni kibanio cha kutolea skrubu za simu, ndugu yangu, na mimi nimemkabidhi kichwa changu! Nikasoma kila dua ninayoijua. Fanuel akabana, akavuta taratibu, na kikatoka kitu kirefu kichafu, kikaanguka juu ya kioo cha meza. Duka zima likanukia waridi.

"Pamba ya Maulidi!" Bi Ruba akapiga ukelele.

Ilikuwa ndiyo. Siku ya Maulidi, wiki tatu nyuma, mke wangu Rahima alichovya pamba katika attari ya waridi akanibandika kwenye kikunjo cha sikio, kama tunavyofanya sote siku ya furaha. Jioni niliitafuta sikuiona, nikadhani imeanguka katika maandamano ya zefe. Kumbe ilikuwa imeteleza ndani! Na mimi, kila sikio likiniwasha, nilikuwa naisukuma kwa kidole. Na asubuhi ile nimeishindilia kwa iafoni za duka zima.

Lakini sikuwa na nafasi ya kuona haya, kwa sababu ulimwengu ulikuwa umerudi. Nilisikia feni ya Fanuel ina beringi inayotaka mafuta. Nilisikia kwato za punda kichochoroni, na saa ya ukutani, na Bi Ruba akipumua kwa pua moja. Nikazitia zile iafoni za buluu, nikafungua sauti ya Obeid.

Subhanallah. Chini kabisa, ndani ya besi, palikuwa na kitu kinagonga. Tk. Tk. Tk. Kidogo, lakini hakikosi. Nikabonyeza simu nikamwambia, "Obeid, usitoke nayo! Beringi imekwisha, haifiki hata nusu ya safari. Azima boti ya jirani, sasa hivi!" Haikupita robo saa akajibu: "Nimeshuka ufukweni, nimemuwahi. Mungu akuweke, Bwana Harith." Nikafuta uso kwa kofia.

Kisha nikafanya jambo ambalo nisingelifanya kama ningekuwa na akili. Nikairudia ile sauti ya Dawud. Loo! Plagi ilikuwa inakohoa waziwazi, mtu yeyote angelisikia. Petroli chafu, nilimwambia. Nikashika simu. "Dawud," nikasema, "petroli yako ilikuwa safi. Chafu lilikuwa sikio langu. Nilikuwa na pamba ya Maulidi ndani, wiki tatu. Nilikukosea mbele za watu, nisamehe."

Jibu lake nililisikiliza kwa iafoni. Kwanza kilikuja kicheko, si cha mtu mmoja, ni cha gati zima. Kisha sauti ya Dawud: "Nimekusamehe, Harith. Lakini ujue tumeusikiliza ujumbe wako watu kumi na wawili hapa, na sasa hivi umeshatumwa kisiwa cha Pate." Kicheko kikaendelea, besi nzito, sauti wazi, pande zote mbili. Nikazinunua.

Nilirudi nyumbani nimebeba kiboksi changu, nimepanga kumsimulia Rahima kila kitu, na kumlaumu kidogo, maana pamba ni yake. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nikakaa karibu naye. Alikuwa upande wangu wa kushoto, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwa wiki tatu alikuwa akikaa upande huo huo. Kabla sijafungua kinywa, akaanza, kwa sauti ya chini, macho kwenye nazi.

"Yeo tena kenda kununua vidude," akasema. "Nyumba haina gesi, yeye yuwanunua vidude."

Ala! Kumbe alijua! Mke wangu alikuwa amegundua zamani kwamba upande ule hausikii, akaufanya mahali pake pa kutolea ya moyoni.

"Akoroma kama mashine za wenyewe," akaendelea, akikuna. "Na ubishi, ubishi, ubishi. Dawud wa watu kamtukana bure, sasa hata salamu hawapeani. Na ile kofia, ningeitia motoni, basi tu."

Nilijibana nisicheke. Ningeliweza kumkatiza, lakini ningelipata wapi tena nafasi kama ile? Akakuna, akakuna, kisha mkono wake ukapunguza mwendo. Akashusha sauti zaidi, mpaka ikawa ya mtu anayezungumza na Mola wake peke yake.

"Ya Rabbi, mrudishie sikio lake. Yuwaogopa, hasemi, nami namuona. Hana kitu kingine alichojivunia maisha yake yote. Mrudishie, hata kama atayasikia yote niliyomsema."

"Amin," nikasema.

Kifuu cha nazi kikamtoka mkononi, kikabingirika mpaka mlangoni.