Wali Kwenye Choo cha Fungo

Kazi yangu ni kuosha mavi. Ukitaka kucheka, cheka umalize, nitakusubiri. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye chumba kimoja cha kituo cha utafiti, ukingoni mwa msitu mnene, nikipitisha choo cha wanyama kwenye chujio, nikiokota mbegu, nywele na vipande vya mifupa kwa kibano, na kuandika kwenye chupa nani kala nini.

Msituni hakuna siri ya chakula inayonipita. Mkuyu ukizaa, kima hula kuyu juu kwa fujo zao na kuangusha nusu. Paa huokota za chini. Hondohondo humeza nzima nzima, kisha huenda kuziangusha mbegu ng'ambo ya mto, ndiyo maana hata kule mikuyu ipo. Kisha chui anamla paa. Wote wanapita kwenye beseni langu, na sijawahi kuandika nisichokiona.

Mwezi mmoja nikakuta punje za wali. Zilikuwa kwenye choo cha fungo, mnyama wa usiku kama paka mkubwa, mwenye utaratibu wake, kila siku anajisaidia palepale. Wali, jamani, msituni! Wiki mbili baadaye, kwenye choo cha chui, badala ya nywele za paa nilizozizoea, nikakuta za fungo. Nikazitazama kwa hadubini mara tatu, hazikubadilika.

Sikuwa na haja ya kuuliza wali umetoka wapi. Mpishi wa kituo alikuwa mke wangu. Alianza kazi watafiti wakiwa arobaini. Sasa wamebaki kumi na mmoja, na mkono wake haukujua kupimia kumi na mmoja. Kilichobaki alikuwa anakimwaga kichakani nyuma ya stoo, mkuu wa kituo asije akakiona akasema mpishi wa nini. Nilimwambia aache. Akasema ameshaacha. Wali ukaendelea kuja kwenye chujio, nami nikanyamaza.

Basi fungo wakafuata wali, chui akafuata fungo, na asubuhi moja mfagiaji akamkuta chui amejilaza nyuma ya stoo. Mfagiaji alikimbia akaacha kiatu kimoja. Mkuu akawaita askari wa wanyamapori waje na bunduki, kisha saa ya chai akatuma niitwe. Akasema chui anayesogelea watu bila sababu ni wa kupigwa risasi, ila kama kuna kitu kinachomvuta, kitaondolewa, na chui ataachwa. Chupa zangu zinasemaje?

Mke wangu alikuwa palepale, anamimina chai. Nikalitazama birika.

"Sijui, mkuu," nikasema. "Chupa hazionyeshi kitu."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kazini. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, lakini nisingeurudisha. Chui wapo wengine, mke ninaye mmoja.

Yeye akaliweka birika chini.

"Anajua," akasema. "Wali ni wangu, ninaumwaga nyuma ya stoo. Fungo wanakula wali, chui anawala fungo. Mwambie akuonyeshe chupa."

Mkuu alizitazama chupa moja moja. Askari wakaambiwa wasije, kichaka kikafyekwa, na mwisho wa mwezi mke wangu akapewa barua ya kumshukuru kwa utumishi wake. Siku hizi chakula cha kituo kinaletwa kimeshafungwa, pakiti kumi na moja. Chui amerudi kwa paa wake, nywele ninazo.

Nilimuuliza mke wangu kwa nini alisema. Akajibu kwamba siku wangejua nimedanganya kuhusu chupa moja, wangezitupa zote, miaka yote kumi na tisa. Alisema huku anachagua mchele, hata hakuinua kichwa.

Sasa anapika nyumbani, sisi wawili tu, na mkono ni uleule. Jana mchana sahani ya kwanza ilinishibisha kabisa. Sufuria ilikuwa bado nusu. Aliitazama, akautazama mlango wa nyuma. Roho iliniuma.

Nikasogeza sahani yangu.

"Niongezee," nikamwambia.

Akapakua. Nikala mpaka sufuria ikaisha.