Mishale Midogo ya Mwalimu Momanyi

Mwalimu Momanyi wa Birongo, Mungu alimpa masikio, akamnyima moyo wa kuyatetea. Mwaka wa 1968 aliamua kuandika kwa noti wimbo wa kuvuna nafaka ya wimbi, ule wanaouimba akina mama wa kanisani kwake siku ya shukrani, ili kwaya yao iende nao kwenye tamasha la Kisii.

Jioni, baada ya majani chai kupelekwa kituo cha kuyanunulia, mkewe Drusilla alikuja shuleni na kusimama kando ya kinanda. Yeye akiimba, Momanyi anaandika kwenye ile mistari mitano. Kila noti ilikubali kukaa mahali pake isipokuwa mi, ile ya tatu katika do-re-mi. Mi ya Drusilla ilikuwa chini kidogo ya mi ya kinanda, unywele tu. Momanyi alidhani mkewe anakosea. Akamwita Bonareri, jirani yao, aimbe do, na Drusilla aimbe mi yake juu yake. Sauti mbili zikashikana, zikatulia kabisa, kama maji ya sufuria iliyotolewa motoni. Alipobonyeza noti zizo hizo kwenye kinanda, zilitetemeka.

Hapo akaelewa. Kinanda kimetengenezwa kihudumie nyimbo zote, kwa hiyo kinaupunja kila wimbo kidogo. Akina mama hawakuwa na cha kuhudumia ila masikio yao. Lakini mistari mitano haina nafasi ya unywele, basi kando ya kila mi akachora mshale mdogo unaotazama chini.

"Baba Kemuma, hii ndiyo mimi?" Drusilla aliuliza, kidole chake chenye rangi ya majani chai kikiugusa mshale.

"Ndiyo wewe."

Drusilla akacheka. "Mimi sijawahi kuandikwa mahali, ila kwenye cheti cha ndoa."

Wiki ya kuchagua kwaya akaja mwamuzi, Jethro Nyamongo, mzaliwa wa Nyamarambe aliyesomea muziki Nairobi. Suti yake ilimtisha Momanyi kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Kwaya ikaimba. Nyamongo akaomba karatasi, akaitazama kwa muda mrefu, mbele ya kwaya nzima na wazee wa kanisa.

"Mwalimu, hii mishale ni ya nini?"

Momanyi akajiona alivyo: mwalimu wa kijijini, na cheti chake cha darasa la nane, anayethubutu kukisahihisha kinanda cha Wazungu. Akaogopa kuchekwa. Na ulimi, kama tujuavyo, hauna mfupa.

"Ni makosa, Bwana," alisema. "Nimeweka alama pale mke wangu anapotoka nje ya sauti. Nitamrekebisha."

Bonareri akakohoa. Wengine wote wakamgeukia Drusilla, naye akatazama viatu vyake, alivyovinunua kwa ajili ya siku hiyo.

Nyamongo akaikunja karatasi polepole. "Basi, pole. Nilidhani umeandika unachosikia. Nilitaka kukuomba unifundishe kuisoma."

Aibu ilimpanda Momanyi hadi masikioni, masikio yale yale. Nafasi ya kujirudi ilikuwa hapo, mbele yake, na watu wote wakingoja. Mdomo uliokuwa mwepesi wa kumtoa mkewe sadaka sasa ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Drusilla hakumgombeza. Alimwomba tu ambonyezee mi ya kinanda. Akaimba, akakosa, akaimba tena, jioni baada ya jioni, mpaka akaipata. Akawafundisha na wenzake. Kwenye tamasha waliimba mi iliyonyooka kama ya kinanda, wakapewa kikombe, na Momanyi akakipokea huku mtetemo ukimkereketa masikioni. Watu walimpongeza. Alitamani ardhi ipasuke.

Sabato iliyofuata, wakitoka kanisani, akajikaza.

"Mama Kemuma, yale niliyosema mbele ya watu yalikuwa uongo. Hukuwahi kukosea. Nakuomba, imba kama zamani."

Drusilla akasimama njiani, kati ya migomba. Akamwangalia, akafumba macho, akaimba. Ikatoka mi ya kinanda. Akajaribu tena, ikawa ile ile.

"Si umenirekebisha, Mwalimu?" aliuliza. Hakuwa anamcheka, aliuliza kweli. Na tangu waoane, hakuwahi kumwita Mwalimu.