Boga la Verna Lapanda Trela

Septemba, mvua kubwa ilipokatika, boga la Delbert Rafuse lilipasuka. Kwa kulipima mzunguko kwa utepe, alikuwa amekadiria linakaribia kilo mia saba. Alilizika bustanini peke yake. Ndiyo maana Verna Zwicker, jirani na mpinzani wake wa miaka tisa, alishangaa asubuhi ya mashindano ya maboga mazito alipomwona anaingia uani kwake na trekta, nyuma kuna trela.

"Hiyo pikapu yako italivunja boga lako kabla hujafika lami," Delbert alisema. "Nimeleta na godoro."

"Godoro la nani?"

"Langu. Acha maswali, shika mkanda."

Walilizungushia mikanda minane, trekta ikaliinua. Boga likaning'inia, likizunguka taratibu. Verna akafumba macho.

"Fumbua, mama. Limeshakaa."

Alilikagua kote kwa tochi. Ufa ukifika ndani, waamuzi hawalipimi. Hakuona kitu. Wakalifunika blanketi lenye maji, wakaondoka mwendo wa kobe, magari yakijipanga nyuma yao.

Penye daraja linalotengenezwa, lami iliisha ikaanza kokoto. Delbert akasimama, akashuka, akatembea mbele akipima mashimo kwa buti. Honi zikalia. Kijana mmoja akatoka garini kwa hasira.

"Mzee, umebeba mayai?"

"Njoo uone."

Kijana akainua blanketi. Akalirudisha polepole. Kisha akarudi garini, akawasha taa za tahadhari na kuwasindikiza nyuma mpaka kokoto zikaisha, asiruhusu mtu kuwapita.

"Kumbe una roho nzuri," Verna alimwambia Delbert.

"Sina. Nataka nikushinde mwakani ukiwa na rekodi." Akatazama nyuma kwenye trela. "Langu lilipopasuka nilikuwa karibu. Lililia kama mlango wa ghala. Sitaki kuusikia tena mlio ule, hata kwako."

Verna akamshika bega.

Uwanjani, mizani ilisoma kilo mia sita arobaini na nane. Nafasi ya tatu, na Verna hakuwa amewahi kuingia hata kumi bora. Aliyepiga mluzi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Delbert.

"Nipe mbegu mbili," alimwambia baadaye.

"Chukua nne. Na boga ulifunike mapema safari hii, mvua haina adabu."

Wakaenda kupanga foleni ya supu ya samaki, wakibishana kama mwani ni mbolea au ni uchafu wa pwani tu.