Ishirini kwa Dakika

Siku ya usaili, chuo chetu cha uuguzi humtoa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu awape waombaji mawaidha. Mwaka huu zamu iliniangukia mimi. Mkufunzi mkuu, ambaye tulimpachika jina la Mizani kwa jinsi anavyopima hata urefu wa kucha zetu, alinionya nisiwatishe watoto wa watu. Nikaitikia. Hakujua kwamba mwenye hofu ni mimi, na kwamba nimeishi nayo miezi mitano.

Waombaji walikuwa arobaini, wameketi wima kana kwamba wanapigwa picha. Niliwapa ninayoyajua. Viatu nunueni vikubwa kidogo, maana ikifika saa nane mchana miguu imevimba. Kwenye usaili msijinadi kwa huruma. Kila mtu ana huruma mpaka akabidhiwe beseni la matapishi. Wakacheka wote, isipokuwa msichana mmoja wa safu ya tatu, mwenye bahasha ya kaki mapajani. Hakuandika neno. Alikuwa anaitazama saa niliyoibandika kifuani, na kila nilipogeuka nilikuta macho yake palepale.

Nilimtambua mapema, ila nikajitia hamnazo.

Kuna jambo sikulisema ukumbini. Wodini tunachukua vipimo vinne. Joto, presha na mapigo ya moyo, mashine inakupa. Pumzi haina mashine. Unasimama kando ya kitanda dakika nzima, unahesabu kifua kinavyopanda, na mgonjwa asijue kwamba unahesabu. Ukiwa na vitanda ishirini na nane, na sista mkuu anasubiri fomu, hizo dakika ishirini na nane unazitoa wapi? Basi tunaandika ishirini. Ishirini haimshtui mtu. Mwaka wa kwanza nilishangaa kuona wodi nzima inapumua kwa pamoja kama kwaya. Kufikia mwaka wa tatu nami nilikuwa mwanakwaya.

Miezi mitano iliyopita, mama mmoja wa kitanda cha saba alikuwa na siku ya tatu tangu apasuliwe mguu. Saa nne asubuhi nikamwandikia ishirini. Binti yake akanifuata, akaniambia mama anapumua harakaharaka. Nikamjibu bila hata kugeuka kwamba ni kawaida, ni maumivu ya kidonda. Saa nane mchana nikaandika ishirini nyingine. Saa tisa na nusu mama alikata roho. Daktari alisema bonge la damu lilikwenda kuziba kwenye mapafu. Wakapekua faili, wakakuta vipimo safi, wakakubaliana kwamba lilikuja ghafla, hakuna ambaye angeligundua. Sista mkuu akanishika bega, akanipa pole. Nami nikaipokea ile pole. Hapo ndipo ninapojichukia.

Sasa binti huyo alikuwa amesimama mbele yangu, na wenzake wametoka kwenda kusubiri kuitwa.

"Dada, sijui kama unanikumbuka."

Nilimwambia namkumbuka, nikampa pole. Akafungua bahasha. Nikajua yamenifika: ni barua ya wakili, au nakala ya faili. Akatoa kipande cha boksi la dawa, kimeandikwa kwa penseli. Saa nne, thelathini na nne. Saa sita, thelathini na sita. Saa nane, arobaini.

"Nilikuwa nahesabu pumzi za mama kwa saa ya ukutani," alisema. "Ile ya mwisho nilitaka kumkimbilia daktari. Nikaangalia kwanza fomu yenu pale miguuni pa kitanda, imeandikwa ishirini. Nikaona mimi sijui kuhesabu, nikakaa."

Nikaisoma tena ile arobaini.

"Ndiyo maana nimeomba chuo," akaendelea. "Nataka nifundishwe nilikosea wapi."

Hakuwa ananitega. Ningeapa kwa hilo. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba kitu, na ndiyo yaliyonitisha kuliko wakili yeyote. Ningeweza kumfariji kwa maneno mawili, nikakichukua kile kipande cha boksi, na wiki ijayo ningefanya mtihani wangu wa mwisho nimalize chuo. Mlangoni Mizani alikuwa amekuja na orodha kumwita mwombaji anayefuata. Alipotuona, akasimama kungoja.

Nikaibandua saa yangu, nikamwekea msichana kiganjani.

"Hesabu pumzi zangu," nikamwambia. "Dakika nzima."

Akaishika kwa mikono miwili. Macho yake yakawa yanakwenda kwenye mshale na kurudi kifuani mwangu, midomo inachezacheza bila sauti. Sijawahi kuona mwanafunzi anahesabu kwa uangalifu namna ile. Nilijaribu kuituliza pumzi, ikakataa. Nami nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Dakika ile ilikuwa ndefu, na wodini niliikwepa miaka miwili.

"Thelathini na mbili," akasema, kisha akainamisha uso. "Samahani, dada. Labda nimekosea tena."

"Hujakosea," nikasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Na siku ile pia hukukosea."

Mizani akashusha orodha yake, akauliza siku ipi.